Namna ya kukusanya santuri adimu za soul na funk na kuwasikilizisha wengine

Santuri adimu ya soul au funk, mitindo ya muziki wa Wamarekani weusi, ni kitu kidogo kwa umbo: sahani ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika, yenye wimbo mmoja kila upande, tundu kubwa katikati, na lebo ya karatasi iliyoandikwa jina la kampuni ambayo pengine ilitoa santuri tatu tu kisha ikafa. Sahani za aina hiyo ziliingizwa sokoni na RCA Victor mwaka 1949, na kufikia miaka ya 1960 utengenezaji wake ulikuwa rahisi kiasi kwamba mwenye duka la santuri, mtangazaji wa redio au hata mwalimu wa muziki wa sekondari katika mji wowote mkubwa wa Marekani aliweza kukodi studio kwa saa chache, kuagiza nakala mia kadhaa kiwandani, na kuzitembeza mwenyewe kwenye vituo vya redio na kumbi za dansi. Nyingi hazikuvuka mpaka wa mji zilikozaliwa. Motown ya Detroit na Stax ya Memphis ndizo kampuni zinazojulikana, na santuri zao, isipokuwa chache, zimejaa tele hadi leo kwa sababu zilichapwa kwa wingi mno. Mwongozo huu unahusu zile nyingine, na umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuzikusanya kwa utaratibu na kuwasikilizisha wenzake bila kupoteza habari za waliozitengeneza.

Jiwekee mpaka kwanza

Anayeanza hukosea pale anaponunua kila kinachoitwa adimu. Uadimu hauendi lazima pamoja na uzuri. Nyimbo nyingi hazikununuliwa enzi zake kwa sababu hazikustahili kununuliwa, na hilo ni jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulisema. Chagua mji mmoja, studio moja, au aina moja ya bendi, kisha uisome kwa miezi kadhaa kabla ya kutoa fedha nyingi. Mji wa Columbus, Ohio, kwa mfano, ulikuwa na kampuni ndogo iitwayo Capsoul, iliyoanzishwa na Bill Moss, mtangazaji wa redio aliyekuwa pia mwimbaji. Santuri zake ni chache kiasi kwamba mtu anaweza kuzijua zote kwa majina. Mwaka 2004 kampuni ya Numero Group ya Chicago ilizikusanya na kuzitoa upya, na huo ndio ukawa mkusanyo wake wa kwanza kabisa. Houston nako kulikuwa na bendi ya wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Kashmere, iliyofundishwa na Conrad O. Johnson, ambayo ilipiga funk kwa nidhamu ambayo bendi nyingi za watu wazima hazikuwa nayo, na ambayo ilitoa santuri zake yenyewe. Kampuni ya Now-Again ilizirudisha sokoni mwaka 2006.

Mikusanyo iliyotolewa upya kwa namna hii ndiyo shule bora, na ninaishauri hata kwa mtu mwenye fedha. Bei ya mkusanyo mmoja ni sehemu ndogo tu ya bei ya santuri moja halisi, na kijitabu kilichomo ndani hukupa majina, anwani, picha za lebo na mpangilio wa miaka ambavyo ungevitafuta peke yako kwa muda mrefu. Baada ya kusoma vijitabu vitatu au vinne vya eneo moja, utaanza kuona jina lile lile la mtayarishaji likijitokeza kwenye kampuni mbili zinazoonekana kuwa hazihusiani, na hapo ndipo ukusanyaji unapoanza kuwa na maana.

Kwa msomaji aliye Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, kuna mpaka mwingine ulio karibu zaidi na nyumbani. Soul ilikuwa imeota mizizi katika madansi ya Dar es Salaam kiasi kwamba mwezi Novemba 1969 ilipigwa marufuku jijini humo, lakini vionjo vyake havikuondoka: katika miaka ya 1970 bendi ya Sunburst ya hapo hapo Dar es Salaam ilipiga muziki wenye funk waziwazi, ikaenda kurekodi albamu yake Zambia mwaka 1976, na rekodi zake zikatolewa upya na kampuni ya Strut mwaka 2016. Upande wa Kenya, Slim Ali na kundi lake la Hodi Boys waliimba soul kwa Kiingereza, na bendi ya Matata ilihamia London na kurekodi kwa kampuni ya President Records. Santuri za Nairobi za enzi hizo bado hupatikana kwa wauzaji wa mitumba ya muziki, na Soko la Kenyatta ndipo mahali pa kuanzia. Hatua zote zinazofuata zinazihusu na hizo pia, isipokuwa kwamba utazikuta zimechoka zaidi, kwa kuwa zilipigwa kila siku kwenye baa na majumbani kwa sindano ambazo hazikubadilishwa hadi zilipovunjika.

Isome sahani kabla ya kuipiga

Hii ndiyo kazi yenyewe, na mkusanyaji asiyeijua hubaki akitegemea maneno ya muuzaji. Santuri ina sehemu mbili za kusomwa: lebo ya karatasi, na ule ukanda laini usio na mifereji ya sauti, ulio kati ya mwisho wa wimbo na lebo.

Kwenye lebo, jina la mwimbaji ndilo linalovutia macho, lakini ndilo lenye habari ndogo zaidi, kwa sababu bendi zilibadilishwa majina kiholela. Angalia kwanza jina la kampuni na namba ya santuri. Kampuni ndogo zilipenda kuanza na 101 au 1001, hivyo namba ndogo hukuonyesha kwamba uko karibu na mwanzo, na mara nyingi karibu na mwisho vilevile. Kisha angalia jina la mtunzi, jina la mtayarishaji, na jina la kampuni ya uchapishaji wa muziki, ambalo kwa kawaida hufuatwa na herufi BMI au ASCAP zinazotaja chama kilichokusanya mirabaha. Kampuni ya uchapishaji ni kamba nzuri ya kufuata, kwa sababu mmiliki aliweza kubadilisha jina la kampuni yake ya santuri mara tano ilhali lile la uchapishaji akaliacha lilivyo. Lebo nyingi ndogo zina pia anwani ya mtaa, mara nyingine na namba ya simu. Kitu ambacho lebo karibu haina kabisa ni majina ya wapigaji: mpiga besi, mpiga ngoma, wapuliza tarumbeta. Walilipwa kwa saa, wakaenda zao, na hakuna aliyeona sababu ya kuwaandika.

Ukiona wimbo umegawanywa Sehemu ya 1 upande A na Sehemu ya 2 upande B, hilo ni jambo la kawaida sana katika funk. Mpigo mmoja ulioshikiliwa kwa dakika sita au saba haukuweza kuingia upande mmoja wa sahani ya inchi 7 bila sauti kupungua nguvu, kwa kuwa mifereji mipana ya sauti kubwa hula nafasi. James Brown alitoa nyimbo nyingi kwa mtindo huo, na bendi ndogo zilimfuata. Usiache kamwe kusikiliza Sehemu ya 2, maana mara nyingi mwimbaji amekaa kimya na bendi ndiyo inayosema, na ndipo wapiga ngoma walipoacha vipande ambavyo watayarishaji wa hip hop walivichota miaka ishirini baadaye.

Sasa inamisha sahani chini ya taa ili mwanga upite kwa ubavu, usome ule ukanda laini. Utakuta namba iliyochongwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri, na pembeni yake alama za fundi aliyekata sauti, yaani aliyechonga mifereji kwenye sahani ya kwanza, au za kiwanda. Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kiliweka alama ya pembetatu ndogo ikifuatwa na namba, na kwa kuwa namba hizo zilikwenda kwa mfululizo, wakusanyaji wamezilinganisha na santuri zenye tarehe zinazojulikana hadi pembetatu moja ikatosha kukadiria mwezi na mwaka. RCA, ilipochapa santuri za kampuni nyingine, ilianza namba zake kwa herufi inayotambulisha mwaka. Maneno Nashville Matrix yaliyogongwa kwa muhuri hukuambia sahani mama, ile ya kuchapia nakala, ilitengenezwa wapi, na Bell Sound huonyesha studio ya New York iliyokata sauti. Nakili kila kitu kama kilivyo, pamoja na mikwaruzo inayoonekana kuwa makosa, maana herufi iliyofutwa na kuchongwa upya nayo ni habari.

Bado kuna suala la sahani imetengenezwa kwa nini. Viwanda kadhaa vya Marekani havikutumia vinili kwa sahani za inchi 7 bali polistirini, plastiki ngumu na nyepesi ambayo hailiki ikakatika mfereji mmoja mmoja bali huchakaa kote kwa pamoja, sauti ikageuka kama ya mtu anayeongea na mchanga mdomoni. Polistirini ikigongwa taratibu kwa ukucha hutoa mlio wa juu na mkavu, na lebo yake kwa kawaida imebandikwa kwa gundi badala ya kukandamizwa pamoja na sahani. Sahani ya polistirini inaweza kung'aa vizuri machoni huku mifereji yake imekwisha, kwa hiyo hukumu ya macho haitoshi.

Nakala bandia na majina yaliyofichwa

Huwezi kuelewa wingi wa nakala bandia bila kujua kilichotokea kaskazini mwa Uingereza. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 vijana wa miji ya viwanda huko walishikamana na soul ya kasi ya Marekani wakati ambapo Marekani kwenyewe ilikuwa imekwisha kuiacha. Mwandishi Dave Godin ndiye aliyeuita mtindo huo soul ya kaskazini, na ukumbi wa Wigan Casino, uliofanya kazi tangu 1973 hadi 1981, ukawa maarufu kuliko zote. Hapo DJ alithaminiwa kwa santuri ambayo mwenzake hana. Ili asiigwe, alibandika karatasi juu ya lebo na kutangaza jina la uongo. Wimbo wa Frank Wilson uliorekodiwa mwaka 1965 kwa kampuni tanzu ya Motown, ambao nakala zake karibu zote ziliharibiwa kabla ya kuuzwa, ulipigwa Wigan kama kazi ya mtu aitwaye Eddie Foster. Mwaka 2009 nakala yake moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000 za Uingereza. Ninakiri kwamba desturi hiyo ya kuficha majina ina utamu wake kama hadithi, lakini iliwanyima wanamuziki jina kwa mara ya pili, baada ya kunyimwa malipo mara ya kwanza.

Mahali penye kiu ya namna hiyo, nakala bandia hazikosekani, na za miaka ya 1970 sasa zenyewe zinaonekana kuukuu. Kuzitambua kunahitaji ulinganishaji. Tafuta kwenye hifadhidata kama Discogs au 45cat picha za nakala inayokubalika kuwa halisi, kisha linganisha mwandiko wa namba iliyochongwa, si namba pekee. Ikiwa nakala halisi inajulikana kuwa ya polistirini na yako ni ya vinili, au ikiwa ile halisi ina pembetatu ya Monarch na yako haina, basi yako ni ya kiwanda kingine, na lazima ujiulize kwa nini. Tazama pia herufi ndogo za lebo kwa kioo cha kukuzia: lebo iliyopigwa picha kutoka lebo nyingine huwa na kingo zilizofifia. Lebo nyeupe yenye maneno kwamba nakala si ya kuuzwa haimaanishi udanganyifu. Hizo zilikuwa za kupeleka redioni, na kwa kampuni nyingine ndizo pekee zilizosalia.

Kununua kwa mtu usiyemwona

Wauzaji wengi hutumia ngazi za ubora za gazeti la Goldmine la Marekani: M, NM, VG+, VG, G+, G na P, kuanzia iliyo mpya kabisa hadi iliyo mbovu. Msomaji asidanganyike na tafsiri. VG ni kifupi cha maneno yenye maana ya "nzuri sana", lakini santuri ya ngazi hiyo ina mikwaruzo inayosikika muda wote, na G, yaani "nzuri", ni ya kuwekwa kama kumbukumbu tu. Wauzaji wa Uingereza wana ngazi zao, ambamo VG huweza kuwa na maana tofauti kidogo, kwa hiyo uliza ni ngazi za nani. Muhimu kuliko herufi ni swali hili: umeipiga, au umeitazama tu? Omba sauti ya sekunde ishirini za mwanzo wa wimbo, kwa kuwa ndipo DJ walipozoea kuirudisha sahani nyuma na mbele wakiitafuta noti ya kwanza, na kwenye polistirini uharibifu huo hausafishiki. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Maelekezo ya kufunga yaandike mwenyewe kwenye ujumbe wa malipo, hata kama unajiona msumbufu. Sahani iwekwe kati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyo vikubwa kuliko yenyewe, mistari ya kadibodi moja ikikatiza ile ya nyingine ili kifurushi kisikunjike, kisha vyote viingie kwenye boksi gumu. Iwapo santuri zinakuja kwa ndugu anayesafiri, zikae kwenye mzigo wa mkononi, na zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa maana mchana mmoja wa Dar es Salaam unatosha kuikunja vinili kama chapati.

Kusafisha na kuhifadhi

Kwa vinili, mchanganyiko wa sehemu nne za maji yaliyokenekwa na sehemu moja ya alkoholi ya aisopropili, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo, unafaa. Kwa polistirini mimi huacha alkoholi na kutumia maji na sabuni peke yake. Ukipata sahani za zamani za mizunguko 78, zile nzito za lakri, usizikaribie na alkoholi kabisa, kwa sababu huyeyusha uso wake. Paka kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi ukifuata mzunguko wa mifereji, usilowanishe lebo, suuza kwa maji yaliyokenekwa matupu, na uache ikauke ikiwa imesimama kivulini. Maji yaliyokenekwa huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, lakini soma chupa kwa makini, kwani katika maduka mengine tindikali ya betri huitwa jina hilo hilo.

Simamisha sahani kama vitabu, kila moja ndani ya mfuko mpya wa karatasi au wa polithini, na bahasha ya asili ihifadhiwe nyuma yake. Pwani adui mkubwa ni unyevu: ukungu huota kwenye karatasi kwanza, kisha hushuka kwenye mifereji. Rafu isiegemee ukuta wa nje, na kila baada ya masika toa sahani chache uzikague.

Kuihamishia sauti kwenye kompyuta

Watu wengi wa kwetu hupata mashine ya santuri kutoka kwa ndugu aliyeko Marekani, na hapa nina kisa cha kuonya. Mashine yangu ya kwanza ilikuja namna hiyo. Nilijua inahitaji volti 110, nikanunua transfoma, nikajiona nimemaliza. Nikarekodi sahani saba za bendi nisizozijua, nikawapelekea marafiki, na sote tukasifu sauti nzito na ya huzuni ya waimbaji hao. Siku nilipoweka santuri niliyoikariri tangu utotoni, mwimbaji akasikika kama amelewa. Umeme wa Marekani una hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, na wetu una hezi 50. Transfoma hubadilisha volti lakini haibadilishi hezi, na mota ya aina inayofuata mapigo ya umeme ilikuwa ikizungusha sahani mara 37 na nusu kwa dakika badala ya 45. Ilinibidi niwaandikie wote kwamba zile saba si nyimbo za huzuni.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi chochote, bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, hesabu mizunguko kwa dakika moja kamili, na usiendelee mpaka upate 45. Baadhi ya mashine za santuri zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira huwa na kapi ya kubadilishwa kwa ajili ya hezi 50. Zile za kuendeshwa moja kwa moja kwa mota yenye udhibiti wa elektroniki kwa kawaida hazitegemei hezi, na hizo ndizo za kutafuta. Weka uzito wa sindano kama mtengenezaji alivyoagiza, upimwe kwa mizani ndogo badala ya kukadiriwa, na ubadilishe sindano kabla haijalalamika, kwa kuwa sindano iliyochakaa huchonga santuri ambayo pengine ni ya nne kati ya zilizosalia duniani.

Mashine isiunganishwe moja kwa moja na tundu la maikrofoni la kompyuta. Santuri hukatwa ikiwa besi imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, iliyowekwa mwaka 1954, na kikuza sauti cha fono ndicho kinachorudisha uwiano huo. Bila hicho utapata sauti nyembamba kama ya nzi ndani ya chupa. Kutoka hapo ingiza sauti kwenye kompyuta kwa kifaa cha kubadilisha sauti kuwa dijitali, na programu ya bure kama Audacity inatosha kabisa. Rekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, au 48,000 kama nafasi ni ndogo, na uache kilele cha sauti kikome desibeli 6 chini ya kikomo, kwani sauti iliyopasuka kwa kuzidi haiponyeki. Santuri nyingi za inchi 7 za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ni za mono, yaani zina sauti ya njia moja tu, kwa hiyo kuziunganisha njia mbili kuwa moja hupunguza kelele bila kupoteza kitu. Hata hivyo sikiliza kila njia peke yake kwanza, maana mara nyingine ukuta mmoja wa mfereji umechakaa na mwingine ni mzima.

Hifadhi faili ghafi katika muundo wa FLAC, usiopunguza ubora wa sauti, bila kuigusa, kisha fanya marekebisho kwenye nakala. Mlio wa mkwaruzo mmoja mmoja uondoe kwa mkono. Vichujio vya kuondoa kelele zote kwa mkupuo viepuke: hula matoazi, hula pumzi ya mwimbaji, na kuiacha sauti kana kwamba imerekodiwa ndani ya pipa la maji.

Kuwasikilizisha wengine

Faili iitwayo "funk nzuri 7" ni sauti yatima. Jina la faili lianze na kampuni na namba ya santuri, lifuatwe na mwimbaji, wimbo na upande, na ndani yake uandike mtunzi, mtayarishaji, kampuni ya uchapishaji, mji, namba zilizochongwa na mwaka. Kuhusu mwaka, eleza umeupataje. Kama lebo haina tarehe, tafuta kichwa cha wimbo katika orodha za haki miliki zilizokuwa zikichapishwa na serikali ya Marekani, ambazo majuzuu yake hadi mwaka 1977 yanasomeka bure kwenye intaneti, au katika matoleo ya zamani ya magazeti ya Billboard na Cash Box. Ambatisha picha za lebo zote mbili na ya ukanda laini chini ya mwanga wa ubavu. Mtu atakayepata nakala yako miaka kumi baadaye, baada ya kupita mikononi mwa watu wengine hamsini, asihitaji kukutafuta wewe ili ajue anasikiliza nini.

Sheria haiko upande wa wanaodhani kwamba wimbo uliosahauliwa hauna mwenyewe. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kuanzia 1957 hadi tarehe 14 Februari 1972 zinalindwa huko hadi tarehe 15 Februari 2067, yaani karibu soul yote inayozungumziwa hapa. Kwa vitendo, njia salama ni kukusanyika na kuzipiga sahani zenyewe, au kuandaa mfululizo wa saa moja na kuuweka kwenye jukwaa kama Mixcloud, ambalo lina leseni na hulipa wenye haki. Habari za lebo, picha na namba zichapishe wazi bila woga. Sauti kamili ya wimbo ambao haujatolewa upya iweke kwako, na mwenye kuuliza mpe kipande cha sekunde thelathini. Najua wapo wakusanyaji wanaoona hilo ni ubahili. Mimi nimeona nyimbo zilizotupwa ovyo kwenye intaneti zikiuzwa na mtu wa tatu kwenye nakala bandia ndani ya mwaka mmoja, zikiwa na mkwaruzo ule ule niliokuwa ninaufahamu.

Mwanamuziki mwenyewe au familia yake wapewe faili nzima, na wapewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Jina la mtunzi lililo kwenye lebo litafute katika hifadhidata ya wazi ya BMI, ambayo huonyesha kama bado kuna anayesimamia wimbo huo. Jina la kampuni na anwani yake vinaweza kukufikisha kanisani au shuleni ambako mtu fulani anamkumbuka. Barua ya kwanza iwe fupi: jina lako, mahali uliko, picha ya lebo, na kiungo cha kupakua wimbo, kwa sababu wengi wao hawana nakala hata moja ya santuri yao wenyewe. Usiulize kama kuna maboksi yaliyobaki ghalani. Swali hilo wamekwisha kuulizwa na wanunuzi waliotaka kuwapa dola tano kwa kitu cha dola mia tano. Wakikujibu, na ukiona wako tayari kuzungumza, waulize aliyepiga besi alikuwa nani, ukaliandike jina lake pale ambapo lebo iliacha nafasi tupu.